Naomba ushauri: mtaala wa ukunga tunautathminije?

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mkufunzi wa uuguzi na ukunga ngazi ya diploma, niko Tukuyu. Nimepewa kuongoza kamati ndogo ya kutathmini mtaala unavyotekelezwa chuoni kwetu.

Matokeo ya mitihani tunayo, fomu za maoni ya wanafunzi pia, ila kwa mtazamo wangu hizo hazigusi kiini. Kinachoniumiza kichwa ni wodi ya wazazi. Darasani bado tunafundisha patografu (chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu wa kujifungua) ya zamani, ile ya kuanza kujaza njia ikifunguka sentimita 4. Mwongozo wa WHO wa 2020 umesogeza hadi 5, na mstari wa tahadhari, ule wa kuonyesha uchungu ukienda taratibu mno, umeondolewa. Juzi mwanafunzi wa mwaka wa tatu, tena mwenye alama nzuri, alisimama kando ya kitanda na fomu mpya mkononi hajui aanzie wapi, na mama anaugulia. Mtihani wa karatasi hauwezi kukuonyesha hilo.

Kwa hiyo nawaza tuwafuate wahitimu kazini, hasa walioko zahanati za Busokelo na Makete, ambako zamu ya usiku unaweza kuwa peke yako. Je, kuna aliyewahi kufanya hivyo? Mliwahoji wahitimu wenyewe, wasimamizi wao, au na akina mama waliojifungulia pale? Na wakunga wa wodini mnawaingizaje kwenye kamati bila kuwaongezea mzigo?

Mwenye dodoso lililowahi kutumika naomba anisaidie.