RE: RE: Chuo kimemwekea mwanangu zuio kwa sababu hachezi mechi ya bakuli

Mama Nuru, Ohio. Jumanne 17 Desemba 2024

Shikamooni wakubwa, wengine habari za baridi.

Naomba msaada kwa yeyote aliyewahi kushindana na ofisi ya uhasibu ya chuo. Nuru wangu anacheza beki kwenye timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo chake, jimbo la jirani, mwaka wa nne. Wiki iliyopita alimwambia kocha kwamba mechi ya bowl, ile ya mwaliko baada ya msimu, hachezi. (Sisi nyumbani tunaziita mechi za mabakuli, mnisamehe.) Wakala mmoja amemwambia kwenye drafti ya Aprili, timu za kulipwa za NFL zinapochagua vijana wa vyuo, anaweza kuchukuliwa raundi ya tatu au ya nne, kwa hiyo atunze magoti. Kocha alinuna lakini akampa mkono.

Tatizo ni kwamba kabla hajasema chochote, chuo kilishamwekea dola 1,140 za nauli na posho ya safari hiyo. Na mtoto kwa moyo wake akamkatia bibi yake tiketi ya Florida akaone mechi. Bibi alifika Oktoba kutoka Moshi kwa viza ya matembezi, B-2. Tiketi hairudishwi. Jana Nuru anaingia kwenye akaunti yake ajiandikishe masomo ya Januari, anakuta zuio la deni hilo la safari. Hawezi kujiandikisha wala kutoa transkripti, na amebakiza masomo matatu tu ahitimu. Nimepiga simu, binti aliyepokea kaniambia ni FERPA, sheria ya siri za wanafunzi, akakata.

Naomba kujua, zuio linaondolewa na uhasibu au na idara ya michezo? Na je, litagusa FAFSA, maombi ya msaada wa ada, ya mdogo wake anayeanza mwakani?

Wasalaam.

Mjomba Seif, Houston. 17 Desemba

Pole sana dada. Usilipe hata senti. Haraka sana kijana aende kwa DSO wake, afisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni, kabla hawajamfunga kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa kuwafuatilia, maana asipojiandikisha masomo kamili I-20, hati yake ya kusoma kwa viza, inakufa, na OPT, kibali cha kazi baada ya masomo, ndiyo basi tena. Wangu mwaka 2019 alichelewa siku chache tu, tukahangaika na fomu ya I-539 ya kurudishiwa hadhi miezi saba. Wakili alikula hela mpaka nikauza Corolla. Ile Corolla inaniuma mpaka leo.

Rehema, Minneapolis. 17 Desemba

Mjomba Seif shikamoo, lakini usome kabla ya kujibu. Mama Nuru alishaapa, ana pasipoti ya bluu, na kijana alipata uraia kupitia kwake. Sherehe tulikuwa wote, na wewe ndiye ulimaliza sambusa. Hakuna I-20 hapo.

Mama Nuru, Nuru aende mwenyewe kwa msajili asaini fomu ya kuruhusu mzazi kuelezwa habari zake. Dakika tano. Binti yangu alisaini siku ya kwanza, na tangu hapo ofisi ikiniona namba yangu inapokea. Ukishasikilizwa ndipo uulize la zuio.

Babu Kitwana, Maryland. 18 Desemba

Rehema, umesema nusu. FERPA inakiruhusu chuo kuzungumza na mzazi hata bila fomu, ikiwa mtoto yumo kama mtegemezi kwenye kodi ya mzazi. Inakiruhusu. Haikilazimishi. Nimejaza fomu za kodi za nusu ya watu wa orodha hii kwa miaka ishirini na mbili na kila mwaka nasema hilohilo.

Kwa hiyo Mama Nuru, yumo kwenye fomu yako ya kodi, 1040? Vijana hawa tangu hela za NIL, malipo ya mchezaji kwa jina na sura yake, ziruhusiwe Julai 2021 wanaletewa fomu ya mapato ya 1099 wanadhani ni kadi ya pongezi. Kuna mmoja hapa Silver Spring alilipwa kutangaza duka la viatu, hakuweka pembeni chochote. Kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 peke yake ilimtoa jasho, kodi ya mapato bado. Nuru ana NIL yoyote?

Kaka Lushoto, Atlanta. 18 Desemba

Mimi nitasema ambalo wengine wanaogopa kulisema. Kijana kasusia wenzake. Miaka minne kala, kalala, kasoma bure, halafu mechi ya mwisho anasema magoti. Desemba iliyopita niliendesha gari kutoka Atlanta mpaka Miami kuangalia Orange Bowl, chuo cha Georgia na cha Florida State. Nimelipia hoteli, nimelipia maegesho. Florida State nusu ya timu haikutokea, tukawapiga 63 kwa 3. SITINI NA TATU. Ile haikuwa mechi, ilikuwa kipimo cha mashine ya kuandika magoli. Nani ananirudishia hela yangu?

Na chuo kudai posho yake ni haki. Hujasafiri, rudisha nauli.

Rehema, Minneapolis. 18 Desemba

Hajasusia. Amejitoa. Kususa ni kwa mtoto aliyenyimwa soda. Na hao Florida State walikuwa wameshinda mechi zote 13 wakanyimwa nafasi ya kugombea ubingwa kwa sababu kotabeki wao, anayeongoza mashambulizi, Jordan Travis, aliumia mguu Novemba. Ungekuwa wewe ungevaa helmeti kwa furaha?

Mzee Mwinyi, Tampa. 18 Desemba

Kaka Lushoto, wewe umeingia nchi hii lini? Nakuuliza kwa heshima.

Mimi nilikuwa nafanya kazi ya usiku nyumba ya wazee, Januari 2003, tunaangalia Fiesta Bowl, Miami na Ohio State. Willis McGahee, mkimbiaji wa Miami, akagongwa goti likakunjika upande ambao Mungu hakuliumba likunje. Wazee wote ukumbini kimya. Bahati yake timu ya NFL ya Buffalo ilimchukua wa 23 kwenye drafti hivyohivyo, akakaa msimu mzima bila kucheza. Na ile ilikuwa fainali ya ubingwa, siyo bakuli la uji.

Halafu Jaylon Smith wa Notre Dame, tarehe 1 Januari 2016, Fiesta Bowl hiyohiyo, Ohio State haohao. Goti na mshipa wa fahamu. Watu walikuwa wanamtaja miongoni mwa wa kwanzakwanza kabisa, akaporomoka mpaka wa 34. Desemba ya mwaka huohuo Leonard Fournette wa LSU na Christian McCaffrey wa Stanford wakasema sisi hatuchezi. Walitukanwa kwenye televisheni kama wezi wa kuku. Aprili wakachukuliwa wa 4 na wa 8. Na siku za mabakuli yaleyale waliyoyakwepa wao, Jake Butt wa Michigan alicheza Orange Bowl, goti likaenda, akachukuliwa raundi ya tano. Mwaka 2022 Matt Corral wa Ole Miss akasema yeye hawaachi wenzake. Sugar Bowl, kifundo cha mguu, raundi ya tatu.

Na makocha je? Novemba 2021 Brian Kelly aliondoka Notre Dame kwenda LSU, Lincoln Riley akaondoka Oklahoma kwenda USC, timu zote mbili zikisubiri bakuli. Aliyeambiwa arudishe posho ni nani?

Kaka Lushoto, Atlanta. 18 Desemba

Nimeingia 2011, mzee, shikamoo. Makocha ni kama wale wabunge wetu waliohama katikati ya muhula "kuunga mkono juhudi". Hilo halihalalishi mchezaji kuhama.

Msimamizi. 18 Desemba

Siasa za nyumbani HAPANA. Tulikubaliana baada ya yale ya Novemba.

Kamaa, Worcester. 19 Desemba

Niaje wasee. Mama Nuru pole. Msimamizi, siasa ni nyinyi Watanzania mmezikatalia, sisi Wakenya tuna uraia pacha tangu katiba ya 2010, tunaongea kote kote.

Swali moja tu. Umesema wakala. Kijana ameshasaini na yeye? Kwa sababu kwa sheria za NCAA, chama cha michezo ya vyuo, ukikubaliana na wakala wa NFL, hata kwa mdomo, umemaliza kucheza chuo. Kama alisaini kabla ya kupokea ile posho, chuo kinaweza kusema alipokea hela ya safari ambayo hakuwa na ruhusa ya kwenda. Hiyo ni story tofauti kabisa. Angalieni tarehe.

Mama Nuru, Ohio. 19 Desemba

Kamaa, hajasaini. Ni mtu tu amekuja kula pilau kwetu mara mbili. Babu Kitwana, yumo kwenye 1040 yangu, NIL yake ni dola 600 za kinyozi na burger za bure. Fomu ya msajili amesaini jana. Sasa ofisi imekubali kuongea nami. Uhasibu wanasema zuio limewekwa na michezo. Michezo wanasema wao hawana uwezo wa kuweka zuio, hilo ni la uhasibu.

FAFSA ya mdogo wake jamani?

Dulla wa Tabora, Columbus. 20 Desemba

Mimi nacheka tu. Mwaka 1998 nilikuwa winga wa kanda yetu kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Robo fainali nikaruka kipa akaniangukia. Goti hili. Mwalimu wa michezo akanipaka maji ya baridi, akanipa soda na mkate, akaniambia kesho kuna mechi nyingine. Nikacheza! Leo theluji ikidondoka hapa, goti linajua kabla ya mtabiri wa hali ya hewa. Ningekuwa na akili ya Nuru ningejitoa na mimi. Ila ile soda, wallahi, ilikuwa ya baridi kutoka kwenye ndoo yenye barafu, sijawahi kunywa soda kama ile tena.

Kaka Lushoto, Atlanta. 20 Desemba

Hata Fei Toto alipotaka kuondoka Yanga 2022 watu walisema maneno hayahaya, na mwisho si alikwenda Azam. Sikatai mtu kuondoka. Nakataa kuondoka mechi moja kabla.

Mjomba Seif, Houston. 20 Desemba

Fei Toto alikuwa na MKATABA na mshahara. Hawa watoto wana nini, burger?

Halafu nilikosea la I-20, nimekubali, msinitumie tena ujumbe pembeni. Lakini walio na watoto wa F-1, viza ya mwanafunzi, wasikie: hao hata burger za NIL wawe macho nazo, kufanya kazi nje ya chuo bila kibali ni kosa.

Papa Lushi, Des Moines. Alhamisi 2 Januari 2025

Jambo bandugu, bonane! Nasoma tu leo, nilikuwa kazini kwa nyama siku zote za sikukuu.

Ya Seif ni ya kweli. Oscar Tshiebwe, mutoto wetu wa Lubumbashi, alikuwa mchezaji bora wa basketi ya vyuo vyote 2022, akiwa Kentucky na viza ya F-1. Feza ya NIL hapa hapana. Timu ilipokwenda Bahamas mwezi wa munane, ndiyo akafanya matangazo kule kule, nje ya Amerika. Akili ya Katanga hiyo.

Na jana mumeona? Andrew Mukuba wa Texas! Wazazi Bacongomani, alizaliwa Zimbabwe, akakulia Austin. Peach Bowl, muda wa nyongeza wa pili, akanyakua mpira wa Arizona State, mechi ikaisha 39 kwa 31. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Kwetu tunakumbuka pia Tim Biakabutuka, mutoto wa Kinshasa, Michigan 1995, yadi 313 juu ya Ohio State. Samahani Mama Nuru, najua ni jimbo lako.

Kaka Lushoto, Atlanta. 2 Januari

Nilikuwa uwanjani! Mnaona sasa? Mukuba naye ana drafti, mbona alicheza?

Rehema, Minneapolis. 2 Januari

Kwa sababu ile ni robo fainali ya ubingwa. Msimu huu zimeingia timu 12, hakuna anayejitoa huko. Nuru alikuwa achezee bakuli la kampuni ya mbolea sijui ya nini. Usichanganye.

Mama Nuru, Ohio. Ijumaa 3 Januari

Heri ya mwaka mpya. Ofisi zote mbili zinafunguliwa Jumatatu tarehe 6. Nimelipa dola 570 ambayo ni nusu, nione zuio litaondoka nusu.

Kwa kuwa tiketi haikurudishwa, bibi alikwenda Florida na mimi nikamsindikiza. Nuru alibaki Ohio na barafu kwenye goti ambalo haliumwi. Tulikaa juu kabisa, bibi na kanga zake mbili. Sikuwa nimempa habari. Robo ya tatu akaniuliza, Nuru ni yupi mbona wote wana vichwa vikubwa. Nikamwonyesha namba 31. Alimshangilia yule kijana mpaka mwisho, na kweli alicheza vizuri, sijui ni mtoto wa nani.

Dulla wa Tabora, Columbus. 3 Januari

Mama Nuru, hizo kanga za bibi zimebaki? Wangu ananiulizia za Mombasa, zile nzito.