Naomba ushauri: kupima ALP kwa nukta za kaboni za makonyo

Asalaam alaykum ndugu zangu wa maabara. Niko Wete, nasoma kemia, na utafiti wangu wa mwisho umenikwama njia panda.

Nimechemsha makonyo ya karafuu ndani ya chupa ya chuma iliyofungwa, tanuri nyuzi 180, nikachuja. Maji yake ni ya kahawia kama chai ya rangi, lakini ukiyamulika kwa taa ya urujuanimno yanawaka buluu hasa! Ndizo nukta za kaboni, chembe zisizofika nanomita 10.

Nataka zipime ALP (fosfatesi ya alkali), kimeng'enya ambacho mara nyingi hupanda kwenye damu saratani ikishaingia mifupani au kwenye ini. ALP hukata fosfeti ya nitrofenili, inatoka rangi ya manjano inayomeza mwanga, na mng'ao wa nukta unafifia. (Watoto wanaokua na wajawazito ALP yao hupanda bila ya ugonjwa, kwa hiyo sidai kuwa napima saratani yenyewe.)

Sasa, bafa (maji ya kushikilia pH isibadilike) iliyopo hapa ni ya fosfeti, na fosfeti humzuia huyo huyo ALP. Niagizie Trisi, bafa isiyo na fosfeti, kutoka Unguja, au kuna njia nyengine? Seramu (maji ya damu iliyokwisha kuganda) nayo hung'aa buluu kidogo yenyewe, nyinyi mng'ao huo mnautoaje? Tyubu za damu zenye EDTA, ile dawa ya kuzuia damu isigande, nimeziweka kando, zinakinyang'anya kimeng'enya zinki yake.

Msimamizi anataka nihamie MMP-2, kimeng'enya chengine kinachokata protini. Peptidi zake (vipande vifupi vya protini vya kupimia) ghali, zataka friza, na umeme wetu mnaujua. Mngekuwa nyinyi, mngebaki na ALP?