MREJESHO: Huduma ya Linux iliyokuwa inajiwasha yenyewe

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini CUPS, ile huduma ya kuprinti, inafufuka kila nikiizima. Mlioniambia niangalie cups.socket, kile kipande cha CUPS kinachosubiri maombi, asanteni sana. Kumbe hiyo inabaki inasikiliza, programu yoyote ikiulizia printa tu, inaiamsha CUPS upya. Nimepiga amri hii ya kuizima CUPS pamoja na vipande vyake vinavyoiamsha:

sudo systemctl disable --now cups.service cups.socket cups.path

Imetulia. Avahi nimeiacha, maana ndiyo inayotafuta vifaa kwenye mtandao wa ndani, poti 5353.

Sasa naandika mwongozo wa Kiswahili: kila huduma inafanya kazi gani, nani anaihitaji, ukiizima unapoteza nini. Hilo la mwisho ndilo nililolitafuta usiku kucha nisilipate. Nimemaliza CUPS na Avahi, ModemManager (huduma ya modemu za intaneti ya simu) inafuata.