Krotoni zangu zinapukutika majani, nisaidieni

UaLaMalindi: Assalaam aleikum. Natunza bustani ya nyumba ya wageni hapa Malindi. Nimepanda krotoni 26, ile mimea ya majani ya rangi rangi, kando ya njia, kutoka langoni hadi barazani. Wiki ya tatu sasa majani yanaanguka, kila asubuhi nafagia ndoo nzima. Mwenye nyumba anakuja mwezi ujao na nimemuahidi rangi. Usingizi sipati.

BwanaMiche: Waaleikum salaam. Krotoni ikihamishwa hupukutika. Zilitoka kivulini?

MamaWaShela: Panda asumini, mwanangu. Marehemu mama alikuwa nayo hapa Lamu, jioni mtaa mzima unanukia. Krotoni hainukii, ya nini?

UaLaMalindi: Shangazi, anataka rangi mwaka mzima. Ndiyo, zilikuwa kivulini. Nilizihamishia juani ili rangi ikolee.

BwanaMiche: Kweli, kivulini hubaki kijani. Ila jua huzoeshwa kidogo kidogo. Unamwagilia maji gani?

UaLaMalindi: Ya kisima.

BwanaMiche: Kisima kiko wapi?

UaLaMalindi: Nyuma, upande wa ufuoni. Yana munyu kidogo, lakini minazi inakunywa hayo hayo na inazaa. Ya mfereji ni ghali, tena hukatika.

KijanaMambrui: Mnazi na krotoni wapi na wapi! Krotoni ni jamii moja na muhogo. Nani anamwagilia muhogo maji ya munyu?

MzeeKusi: Jamani, mtunza bustani gani hajui chumvi huunguza mmea? Hii ya kutunga. Kesho ataleta namba ya kuuza miche.

UaLaMalindi: Mzee wangu, wallahi situngi. Jani ninalo mkononi: katikati jekundu, mishipa ya manjano, ukingo wote umekauka kahawia, ukiugusa unavunjika. Udongo juu una ukoko mweupe. Nimeuonja, ni munyu. Na vidole vinaniwasha kwa utomvu.

MzeeKusi: Basi niwie radhi. Nawa kwa sabuni, usijiguse macho.

BwanaMiche: Kwangua ukoko. Mimina maji mengi yasiyo na munyu kwa mpigo, chumvi ishuke chini ya mizizi, si kikombe kikombe. Mbolea iache kwanza. Tandaza majani makavu, usitumie makumbi yaliyofukiwa pwani, nayo yana munyu. Kisha kwaruza kila shina kwa ukucha. Ndani likiwa kijani, li hai.

MamaWaShela: Sisi tulikuwa na jabia, birika la kuhifadhia maji, maji ya mvua mwaka mzima. Paa lenu je?

UaLaMalindi: Mabati upande wa jikoni, na pipa tupu lipo. Nimekwaruza zote, 19 zina kijani. Ila kuna jambo sikulisema. Miche 40 mingine nimeshatoa arbuni, inakuja Ijumaa.

BwanaMiche: Loo! Iache kwenye mifuko yake, kivulini. Usipande hata mmoja mpaka upate maji.

UaLaMalindi: Nitaiweka chini ya mwembe. Lakini sita nitapanda langoni, hizo nitazimwagilia ya mfereji mwenyewe. Sita tu.