Floraidi ya Meru: jibu tunalo, mkaa abadilishe nani?

Wakuu, pesa za utafiti wa floraidi ziendelee kutolewa, au sasa zote ziende kwenye mabomba ya kutuletea maji safi?

Mimi ni wa Maji ya Chai, Arusha. Meno yangu yananitaja kwetu kabla sijaulizwa. Maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na kuibeba floraidi, madini ambayo yakizidi hutia meno madoa. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliwahi kuruhusu hadi 8 vijijini. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti, na chujio la mkaa wa mifupa iliyochomwa, unaonasa floraidi, linajulikana siku nyingi. Ila mkaa ukishiba haunasi tena. Sisi tuliletewa chujio na mradi fulani. Mradi ulipofungwa, likageuka pipa la mahindi. Msimamo wangu: utafiti usio na fungu la kubadilisha mkaa usipewe hata senti. Nipingeni.

Mwanafunzi, Tengeru: Nakupinga, kaka. Fungu hilo sipangi mimi. Mfadhili anatoa miaka mitatu na anadai makala, fundi wa chujio hamhusu. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Tungeitoa kweli, tungepanga wenyewe.

Mkulima, Lyamungu: Mbona huku kwenye kahawa imewezekana? TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, ilianza 2001, wadau wa kahawa wakichangia kutokana na mauzo. Tukapata miche inayohimili chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani, gharama ya dawa ikapungua. (Miche yenyewe kuipata ni foleni, hilo sifichi.) Anayechangia ndiye anayefuatilia.

Mama wa watoto wawili, Usa River: Baba, kahawa ina mnunuzi. Meno ya mwanangu yananunuliwa na nani? Na hilo chujio, walipolileta hawakutuuliza akina mama. Swali la kwanza mtaani lilikuwa: mifupa ya mnyama gani? Wengine hawakuyagusa maji yake kabisa. Halafu mnaosema mabomba tu: magadi tunayotia kwenye maharage nayo yana floraidi, ni watafiti waliolibaini hilo. Bomba litakuja, sufuria ibaki vilevile.

Mwanzisha mada: Mama, la magadi limenikamata, kwetu kiburu (ndizi na maharage) bila magadi hakiliwi. Basi, wazo la mabomba tu nalifuta. Fungu la mkaa silifuti, na safari hii wanaopika waulizwe kwanza.