Chanjo ya mafua kabla ya kuzowea dahalia

Kutoka: Mama wa mwanafunzi, Wete

Assalaamu alaykum jamaa mlioko nje na mliorudi,

Mwanangu kajaaliwa chuo Uingereza, anaondoka Septemba. Juzi chuo kimemletea maelekezo marefu: bima, chumba, funguo, halafu eti chanjo ya mafua. Nilicheka peke yangu. Sisi huku mafua tunajifukiza mchaichai usiku, asubuhi tunaamkia karafuu. Kuna ulazima gani? Na kama upo, achomwe huku au akifika? Jirani yangu naye kaniambia mna nguruwe ndani yake. Naomba anijibu aliyekaa huko, si aliyesikia.

Kutoka: Binti wa Kikwajuni, Leicester

Waalaykum salaam Bi Mkubwa,

Nipo likizo Unguja, nakuandikia barazani kwa mama, naye anasikiliza maana kisa kinamhusu.

Unayoyasema wewe ni mafua ya kamasi. Influenza, ndiyo inayochanjiwa, ni kitu chengine. Mchana uko darasani mzima, magharibi kikombe cha chai kinakushinda kunyanyua. Homa, viungo vyote, kikohozi kikavu. Na dahalia za huko ndiyo kwao: sisi tulikuwa wanane, jiko moja, birika moja la umeme, madirisha yamefungwa toka Oktoba kwa baridi. Mtu huanza kuambukiza siku moja kabla mwenyewe hajajijua anaumwa, akaendelea siku tano hata saba. Kwa hiyo aliyekohoa kiganjani akashika mpini wa birika, wala humdhanii.

Mwaka wangu wa kwanza sikuchomwa, niliona upuuzi kama wewe. Disemba nikapanda ndege na koo linawasha. Nikafika, nikamkumbatia mama, nikalala na mama. Mama ana sukari. (Hapa ananikatiza: "Mwambie nililazwa siku nne!") Siku nne, kweli, na kifua hakikumwacha mpaka kaskazi ikaisha.

Achomwe akifika. Kirusi hiki hubadilika, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hukaa mara mbili kwa mwaka kuchagua chanjo iweje: Februari kwa nchi za kaskazini, Septemba kwa za kusini. Ya Uingereza huanza kutolewa majira ya vuli. Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka, basi asingoje hadi wiki ya kufunga sanduku la kuja nyumbani.

Wiki ya kwanza tu ajiandikishe kwa daktari wa mtaa. Ile ada ya afya mliyolipa pamoja na viza, pauni 776 kwa mwaka, ndiyo inayomfungulia mlango huo. Bure wanachomwa wenye miaka 65 na zaidi, wajawazito, wenye kisukari, wenye pumu wanaotumia dawa ya steroidi, na wengineo wenye maradhi. Kijana mzima hulipa mwenyewe duka la dawa, pauni 20 hivi.

Nguruwe: jirani yako hakusema uongo wote. Ile ya kupuliza puani wanayopewa watoto wa skuli ina jelatini ya nguruwe, na wazazi wetu huko huomba sindano badala yake, wanapewa. Sindano ya watu wazima haina jelatini hiyo. Wala haimtii mtu mafua, haina kirusi kilicho hai. Mkono utamuuma siku moja mbili. Anaweza kuumwa hata akichomwa, nisikufiche, lakini mara nyingi huja nyepesi.

Kutoka: Kijana wa Mkoani, Minneapolis

Nakubaliana na dada. Hapa Marekani chuo chetu huweka manesi ukumbini, unakunja mkono wa shati, dakika tano umetoka, bima ya wanafunzi inalipa.

Mawili tu, mama. Mwambie akiwa na homa asiende Ijumaa kwa kuona haya. Chumba cha kusalia chuoni ni kama banda, mabega yanagusana. Akae ndani mpaka homa imwache saa 24 bila ya kumeza panadoli. La pili, usimfungie amoksilini. Mama zetu wote wanafanya hivyo! Yangu ilikaa mtotoni mwa kabati miaka mitatu. Virusi haiwawezi. Akizidiwa kifua, amwone daktari mapema, maana dawa yenyewe ya influenza hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku mbili.

Kutoka: Mama wa mwanafunzi, Wete

Ahsanteni wanangu. Amoksilini nilishazitia, vidonge ishirini, nimezitoa sasa hivi. Habasoda na asali sizitoi, msinambie kitu. Binti, mpe pole bi mkubwa wako.

Sasa koti. Anunue mitumba Darajani akipita Unguja, au la huku litamwachia baridi ipite?