Makala za "mbinu za kivinjari" zinatupotosha, na wanaoumia ni wanaoziamini

Wadau, salaam.

Nimechoka na makala hizi, na safari hii nitasema wazi. Mtu akitafuta mtandaoni namna ya kukitumia kivinjari chake kwa ufanisi zaidi, analetewa orodha ndefu za "siri" ambazo eti hakuna aliyewahi kumwambia, na akizifungua anakuta ushauri ule ule ulionakiliwa kutoka orodha nyingine, ambayo nayo ilinakiliwa kwingine, bila mmoja wao kukaa mbele ya kompyuta na kujaribu anachokiandika. Kama zingekuwa zinachosha tu, ningezipita kimya kimya. Kinachonikera ni kwamba sehemu kubwa ya ushauri huo humletea hasara yule anayeufuata kwa nia njema, ilhali mambo yenye faida ya kweli, ambayo kivinjari kinayo tayari bila kuongezewa chochote, hayaguswi kabisa.

Tuchukue hali fiche, yaani lile dirisha la faragha la kivinjari (incognito), ambayo haikosi kwenye orodha yoyote. Utaambiwa kwamba ukiifungua "huonekani". Huo ni uongo. Dirisha la hali fiche lina kazi moja: ukishalifunga, kivinjari hakibakizi kwenye kifaa hicho historia ya kurasa ulizotembelea, vidakuzi (vifaili vidogo ambavyo tovuti huweka kwenye kifaa chako ili kukutambua) vilivyowekwa humo, wala maneno uliyojaza kwenye fomu. Basi. Mafaili uliyopakua yanabaki pale pale, mtoa huduma wako wa intaneti bado anajua ni tovuti zipi unazifikia, msimamizi wa mtandao wa kazini vilevile, tovuti yenyewe inaiona anwani yako ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti, na ukiingia kwenye akaunti yako ukiwa humo umeshajitambulisha kwa jina. Jambo hili lilifika hadi mahakamani: mwaka 2020 Google ilishtakiwa nchini Marekani na watumiaji waliodai kwamba waliendelea kufuatiliwa wakiwa katika hali fiche ya Chrome, kivinjari cha Google, na mwaka 2024 kampuni hiyo, katika makubaliano ya kuimaliza kesi, ikakubali kuharibu mabilioni ya kumbukumbu zilizokusanywa na kurekebisha maelezo anayoyaona mtu anapofungua dirisha hilo. Maelezo hayo yapo mbele ya macho ya kila anayelifungua, lakini waandishi wetu hawayasomi. Wala hawasemi matumizi mazuri ya hali fiche, ambayo yapo: kuingia kwenye akaunti ya pili bila kutoka kwenye ya kwanza, kuangalia ukurasa wako unavyoonekana kwa mgeni, au kusoma barua pepe kwenye kompyuta ya mtu bila kumwachia akaunti yako wazi.

Halafu kuna hawa wa "futa kila kitu kila siku ili kivinjari kiwe chepesi". Hawa ndio walionifanya nifungue uzi huu. Shemeji yangu alifuata makala ya aina hiyo hatua kwa hatua: akabonyeza Ctrl+Shift+Delete, akachagua muda wote, na kwa kuwa aliambiwa aweke tiki kwenye visanduku vyote, akaweka, kikiwamo kile cha nywila zilizohifadhiwa. Kivinjari chake kilikuwa kimesawazishwa na akaunti yake, hivyo nywila hazikufutika kwenye kompyuta peke yake. Zilifutika na kwenye simu. Akaunti moja hakuipata tena, kwa sababu namba ya kuirejeshea ilikuwa ya laini aliyoacha kuitumia zamani. Yote hayo kwa ajili ya "wepesi" ambao haukupatikana, kwa maana akiba ya kivinjari ni picha na mafaili ya kurasa yaliyowekwa karibu ili yasipakuliwe upya kila unaporudi. Ukiifuta kila siku, kesho yake kurasa zile zile zinafunguka polepole zaidi na bando linakwenda bure. Makala yenyewe bado ipo hewani, pamoja na mshale mwekundu unaoonyesha visanduku vya kuwekewa tiki.

Ushauri wa haki ungekuwa mfupi na usio na hatari. Ukurasa mmoja ukigoma au ukionyesha mambo ya zamani, bonyeza Ctrl+Shift+R, nao utapakiwa upya bila kupitia akiba. Tovuti moja ikisumbua, bofya alama iliyo pembeni mwa anwani yake, ingia kwenye mipangilio ya tovuti hiyo, ufute data ya tovuti hiyo peke yake. Na kama hofu yako ni kufuatiliwa, dawa si kufuta vidakuzi vyote kila jioni na kuingia upya kila mahali asubuhi; dawa ni kuzuia vidakuzi vya watu wa tatu, yaani vile vinavyowekwa na kampuni za matangazo zilizopachikwa ndani ya tovuti unayoisoma. Safari, kivinjari cha Apple, ilianza kuvizuia vyote mwaka 2020 bila mtumiaji kugusa kitu. Kivinjari cha Firefox tangu 2022 huvitenga, kila tovuti na chombo chake, visiweze kukufuata kutoka moja hadi nyingine. Google ilitangaza mwaka 2020 kwamba ingeviondoa kwenye Chrome, ikaahirisha mara kwa mara, na mwaka 2024 ikaachana na mpango huo, kwa hiyo anayetumia Chrome anapaswa kuingia kwenye mipangilio ya faragha na kuvizuia mwenyewe. Hii ndiyo tofauti moja kati ya vivinjari ambayo msomaji wa kawaida angefaidika kuijua, na ni nadra kuiona imeandikwa.

Na kivinjari kikiwa kizito kweli? Kabla ya kufuta chochote, bonyeza Shift na Esc kwa pamoja. Katika Chrome ya Windows au Linux litafunguka dirisha dogo linaloorodhesha kila kichupo (ukurasa uliofunguliwa) na kila kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari), na mbele ya kila kimoja kuna kiasi cha kumbukumbu ya kompyuta (RAM) na cha prosesa kinachotumika. Ukibofya kichwa cha safu ya kumbukumbu, walafi wote wanapanda juu. Mara nyingi mwenye hatia ni kichupo kimoja tu, na unaweza kukizima hapo hapo huku vingine vikiendelea. Firefox nayo inalo dirisha lake la namna hiyo. Ni vitufe viwili tu, lakini badala yake tunafundishwa kufuta nywila.

Viendelezi sasa. Hapa hasira yangu haina breki. Kila orodha inataka usakinishe kumi, kumi na tano, ishirini, na hakuna inayomwonyesha msomaji ile sentensi inayotokea kabla ya kukubali: kwamba kiendelezi hicho kitaweza kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote. Zote maana yake ni zote, pamoja na ya benki na ya barua pepe. Isitoshe, viendelezi hujisasisha vyenyewe kimya kimya, hivyo kile ulichokiamini leo kinaweza kuuzwa kesho kwa mtu usiyemjua, naye akaongeza anachotaka bila wewe kuulizwa. Hilo si jambo la kufikirika. The Great Suspender, kiendelezi kilichosifiwa mno kwa kulaza, yaani kusimamisha kwa muda, vichupo visivyotumika, kiliuzwa kwa mmiliki mpya mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakiondoa dukani na kukizima kwenye kompyuta za watu kwa kuwa kilikuwa na programu hasidi. Wengi walikuta vichupo walivyovilaza vimetoweka ghafla. Orodha zilizoandikwa kabla ya hapo na kukipigia debe bado zinasomwa mtandaoni bila sahihisho lolote, na la kuudhi zaidi ni kwamba kazi hiyo siku hizi vivinjari vyenyewe vinaifanya: Edge ya Microsoft na Chrome zote zina mpangilio wa kulaza vichupo ulio ndani yake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sisemi viendelezi vyote ni vibaya. Kizuia matangazo kizuri ni kinga, na kitunza nywila pia, mradi unajua nani anakitengeneza. Ninachosema ni kwamba mtu anayependekeza viendelezi ishirini bila kueleza ruhusa hata ya kimoja hatakii mema kompyuta yako.

Mambo yanayoachwa, basi, ni kama haya. Umefunga kichupo kwa bahati mbaya: Ctrl+Shift+T kinarudi, pamoja na historia yake ya kurudi nyuma, na ukiendelea kubonyeza vinarudi vya kabla yake kimoja baada ya kingine. Umepotea katikati ya vichupo arobaini: katika Firefox andika alama ya asilimia kwenye sehemu ya anwani, acha nafasi, kisha neno unalolikumbuka, nayo itatafuta ndani ya vichupo vilivyo wazi tu, ukiweka nyota badala ya asilimia, inatafuta kwenye alamisho, yaani kurasa ulizozihifadhi. Tovuti imezuia kitufe cha kulia cha kipanya: Firefox hiyo hiyo hukufungulia menyu ukishikilia Shift wakati unabofya.

Lakini lililo bora kuliko yote kwangu, ambalo sijaliona hata mara moja kwenye orodha hizi za "siri", ni neno fupi la kutafutia. Nenda kwenye kamusi yoyote ya mtandaoni uitumiayo, tafuta neno "maji", kisha tazama anwani iliyotokea juu. Kwenye kamusi nyingi utaliona neno "maji" limekaa ndani ya anwani hiyo. Nakili anwani nzima, badili "maji" uweke alama ya asilimia ikifuatwa na herufi s, yaani %s. Katika Chrome fungua mipangilio ya mtambo wa kutafuta, ongeza tovuti mpya, bandika anwani hiyo na uipe kifupi, tuseme herufi k. Katika Firefox unaweza kuihifadhi kama alamisho, ukajaza herufi hiyo kwenye nafasi ya neno msingi. Tangu hapo, ukibonyeza Ctrl+L ili kufika kwenye sehemu ya anwani, ukaandika k, nafasi, na neno lolote, unatua moja kwa moja kwenye maana yake bila kupita kwenye injini ya kutafutia wala matangazo yake. Fanya hivyo kwa kamusi, kwa ensaiklopidia, kwa ramani, kwa maktaba ya chuo. Anayetafuta mambo kutwa nzima atauona muda uliorudi mikononi mwake ndani ya wiki ya kwanza.

Hata pale orodha hizi zinapogusa vitufe, zinavigusa ovyo. Zinaandika "Ctrl+Shift+A hutafuta vichupo" kana kwamba dunia nzima inatumia Chrome. Katika Firefox vitufe hivyo hivyo hufungua ukurasa wa viendelezi. Zinaandika kwamba Ctrl+Shift+N ni hali fiche. Katika Firefox ni kurejesha dirisha lililofungwa, na mtu aliyetaka faragha anashangaa kuona kurasa za awali zikijitokeza mbele ya aliyeketi naye. Bado zipo zinazofundisha kurudi nyuma kwa Backspace, jambo ambalo Chrome ililiondoa mwaka 2016 kwa sababu watu walikuwa wakipoteza fomu ndefu walizokwisha kujaza. Kinachotumika ni Alt pamoja na mshale wa kushoto. Na wenye Mac wanaachwa wajikisie wenyewe kwamba mara nyingi Ctrl kwao ni Cmd.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandika makala hizi, na najua baadhi yenu mko humu, ni hili. Tajeni kivinjari, mfumo wa kompyuta na mwezi mliojaribu. Semeni msomaji atapoteza nini akifuata hatua zenu, na mliseme kabla ya hatua yenyewe, si chini ya ukurasa kwa maandishi madogo. Mnapopendekeza kiendelezi, bandikeni na picha ya ruhusa kinazoomba. Na ile picha yenye mshale mwekundu kwenye visanduku vyote, aliyeiweka aiondoe leo.